Karatasi inasubiri: kwa kijana wa gati la Manda

Swali lililoniletea kazi wiki hii ni hili:

"Ami, assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Kazi yangu ni kupokea abiria kwenye kiwanja cha ndege cha Manda na kuwavusha kwa boti hadi mjini. Tangu utotoni sina mapenzi mengine ila ndege; naweza kukwambia aina yake kwa kusikia mlio tu, kabla haijaonekana. Nataka kuwa mwandishi wa historia ya ndege kama wewe. Chuo sikufika, urubani sikusomea, na Kiingereza changu ni cha kuwauzia wageni safari. Kazi hii inafanywaje siku kwa siku? Ni lazima nihamie Nairobi au Ulaya? Na je, inalisha mtu?"

Waalaykum salaam, mwanangu.

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo mama yako atakalokuuliza. Hailishi. Kwa miaka ishirini na kitu niliyofanya kazi hii hapa Malindi, haujapita mwezi hata mmoja ambao historia ya ndege peke yake ililipa kodi ya nyumba, maji na karo za watoto. Kinachonilisha ni tafsiri: mikataba ya mashamba, barua za mawakili, vibao vya hoteli, na mara moja maelekezo ya dawa ya mchwa. Historia naifanya alfajiri kabla jua halijakaza, na usiku mtaa ukishatulia. Kitabu changu cha kwanza nilikichapisha kwa pesa zangu, nakala 500, na mwaka wa sita nilikuwa bado nahamisha maboksi kutoka uvunguni kila masika yakivujisha paa. Majarida ya wapenzi wa ndege huko Ulaya, mengi yanaendeshwa na wastaafu kwa mapenzi yao. Utawapa makala iliyokula miezi mitano ya maisha yako, nao watakupa nakala mbili za jarida na barua ya shukrani. Yale yanayolipa, hulipa kwa hesabu ya maneno, tena kwa wakati yanaoutaka yenyewe. Mhariri mmoja alinikalia na ankara yangu miezi kumi na moja, kisha akaandika kuniuliza kama ninazo picha zaidi.

Nimeyatanguliza haya ili usije ukaiacha boti. Ukitoka gatini kesho na kujifungia chumbani na kompyuta, utakuwa umeuza chombo ukanunua tanga. Hapo uliposimama kila siku, kwenye kile kipande cha ardhi kati ya njia ya ndege na maji ya mlango, ndipo wanapopita watu ambao mimi huwatafuta kwa miezi.

La urubani lisikukoseshe usingizi. Mimi sijawahi kushika usukani wa ndege. Unachohitaji ni kuijua ndege kiasi cha kutodanganywa, na mtu wa pwani keshapata nusu ya elimu hiyo bila kuhisi. Kwa nini njia ya kurukia imelazwa upande huu na si ule? Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na upepo wetu una miezi yake, kusi na kaskazi. Kwa nini mabati ya ndege zilizolala kiwanja cha pwani huoza upesi? Muulize yeyote mwenye mashine ya boti. Nusu iliyobaki utaipata kwa mafundi. Marubani hupenda kusimulia habari zao wenyewe. Fundi anakusimulia ya ndege. Mnunulie chai.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani nimekaa nikiandika. Kuandika ni kama siku moja katika kumi. Siku tisa zilizobaki nafuatilia: namba, tarehe, majina, nani alikuwa wapi. Kila ndege ina vitambulisho viwili. Cha kwanza ni namba ya usajili, ile iliyochorwa ubavuni. Cha pili ni namba ya kiwandani, iliyopigwa kwenye kibati siku ilipoundwa. Fikiria boti. Jina lililochorwa pembeni, mnunuzi mpya atalifuta aandike lake; mkuku ni ule ule. Ndege za Kenya ya ukoloni zilikuwa na herufi za VP-K, za Uganda VP-U, za Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru zikawa 5Y, 5X na 5H. Ndege moja inaweza kuonekana katika picha tatu ikiwa na herufi tatu, na asiyejua akahesabu ndege tatu. Nimeyaona hayo katika vitabu vyenye jalada gumu.

Tena ipo mitego ya kisiasa ndani ya herufi. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililoanza 1946 na ndege ndogo za Dragon Rapide, lilikuwa mali ya nchi zote, hivyo ndege zake ziligawanywa katika sajili za nchi tatu. Ile Super VC10 iliyoanguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa, ilikuwa na usajili wa 5X-UVA. Ukisoma 5X utaandika "ndege ya Uganda", na hapo umeshawapotosha wasomaji wako, kwa sababu ilikuwa ya shirika la wote, na watu wake walikuwa wa kila upande. Shirika lilipovunjika 1977, na Kenya Airways ikaundwa Januari ya mwaka huo, ndege, madeni na mafaili vilitawanyika. Mpaka leo ninapotafuta karatasi moja ya shirika lile, sijui nianzie Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe.

Acha nikusimulie aibu yangu moja, itakufaa kuliko sifa zangu.

Miaka mingi nyuma familia moja ya Lamu ilinionyesha picha ya ndege ya majini, zile kubwa za kiwanda cha Short zilizokuwa za Imperial Airways, shirika la Waingereza, zikituama juu ya maji. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli, "Lamu, 1938". Nilikesha kwa furaha. Ndege hizo zilianza safari ya kwenda Durban 1937, zikipitia Kisumu na Mombasa kisha zikishuka pwani kwa Dar es Salaam na Lindi. Kituo cha Lamu hakimo katika ratiba, nami nikajiambia nimegundua jambo. Nikaandika makala, ikachapwa. Wiki tatu hazikupita, fundi mstaafu akaniandikia sentensi mbili: "Hebu tazama majani yaliyo ukingoni. Hayo ni mafunjo."

Nikaitazama. Mafunjo matupu! Mimi niliyezaliwa kati ya mikoko, niliyekwenda kukata boriti na baba yangu tangu nina miaka minane, nilikuwa nimeyaona mafunjo ya maji baridi nikayapa jina la Lamu, kwa sababu penseli imesema Lamu. Na nyuma yake kulikuwa na milima. Lamu na milima wapi na wapi! Ilikuwa Kisumu. Mwenye picha pengine alikuwa Mwamu aliyefanya kazi huko, akairudisha nyumbani, na mjukuu akaandika mahali ilipopatikana badala ya mahali ilipopigwa. Tangu siku hiyo nikipewa picha naifunika ndege kwa kidole gumba, nasoma kwanza kilichobaki: majani, vivuli, nguo za watu, maji yamejaa au yametoka. Ndege huitazama mwisho, maana ndiyo inayonilevya.

Unaniuliza juu ya kuhamia Nairobi au Ulaya. Usihame. Karatasi nyingi, ni kweli, hazipo kwetu. Ziko Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na katika magazeti ya zamani ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Za Uingereza ziko katika nyaraka zao za taifa, Kew, London: barua za serikali ya koloni la Kenya ziko katika fungu la CO 533, na vitabu vya kila siku vya vikosi vya ndege vya kijeshi viko AIR 27. Yaandike hayo daftarini, yatakuokolea miezi. Lakini karatasi hizo zimekaa mahali pakavu, zina walinzi, zina namba. Mwaka ujao zitakuwepo, na miaka kumi ijayo pia. Mzee wa Shela mwenye miaka tisini hana namba ya faili. Mimi nilianza kinyume. Miaka minne ya mwanzo niliitumia kujikusanyia nauli ya kufuata karatasi, na niliporudi na karatasi zangu, watatu kati ya watu niliotaka kuwauliza juu yake walikuwa wamezikwa. Hilo ndilo hasa ninalotaka ulichukue katika barua hii ndefu. Anza na watu. Karatasi inasubiri.

Hata za Kew utazipata bila kusafiri. Mle ndani msomaji anaruhusiwa kupiga picha kurasa kwa simu yake. Ninaye mwenzangu London, mzee wa makamo yangu, tumekuwa tukifanya biashara ya bure miaka kumi na tano: yeye hunipigia picha faili, mimi namwendea Mambrui au Kipini kumtafutia anachotaka, kaburi, jina la kijiji, kipande cha bati. Na kuna hazina ambayo iko wazi kwenye mtandao: Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka tangu 1899. Watu hulifungua wakitafuta hati za mashamba. Humo pia mna maombi ya leseni za safari za ndege, nani anataka kuruka kutoka wapi kwenda wapi, kwa ndege ya aina gani. Linasomwa kama orodha ya dukani, nakubali. Ila makampuni yaliyokufa bila kuacha hata kadi ya biashara nimeyakuta humo yakiwa hai.

Sasa nikuonyeshe namna karatasi na mdomo vinavyoshikana, kwa mfano wa hapa kwetu.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na Somalia ya kaskazini yetu ilikuwa mikononi mwake. Oktoba mwaka huo ndege za Kitaliano zikaja kuipiga Malindi mabomu. Utakwenda kwa mzee umuulize, "Ilikuwa mwaka gani?" Atakwambia "zamani", au atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Usimuulize mwaka. Muulize kama watu walikuwa wamefunga. Ramadhani ya mwaka 1359 wa Hijria iliingia mwanzoni mwa Oktoba 1940, na Idi ikaangukia mwanzo wa Novemba. Akikwambia walikuwa wamefunga, ushahidi wake umelingana na karatasi, na yeye hajui kwamba umempima. Akikwambia walikuwa wakila maembe ya Idi, basi pengine anasimulia tukio jingine, au anasimulia alilosimuliwa na kaka yake. Muulize upepo: kusi limekwisha, kaskazi haijashika, ile tanga mbili ya Oktoba ambapo vyombo hukaa bandarini. Muulize kama aliyekuwa akinyonya wakati ule ni kaka yake au dada yake. Wanawake hasa, mwanangu. Mama aliyejifungua wiki ile ana tarehe kuliko gazeti lolote, na vitabu vyote nilivyosoma havikumuuliza.

Kisha saa. Hapa wengi wamezama. Mzee atasema "saa tatu u nusu asubuhi". Karatasi ya kijeshi inaweza kuandika 0645. Mtafiti wa mbali ataona vitu viwili visivyopatana, atamtupa mzee, ashike karatasi. Wewe tulia. Saa tatu na nusu ya Kiswahili ni tisa na nusu ya kizungu. Karatasi ikiwa inafuata saa ya Greenwich, lazima uongeze tofauti, na kila mtu leo ataongeza saa tatu, apate tisa na dakika arobaini na tano, bado haikupatana. Lakini Kenya ya wakati ule haikuwa saa tatu mbele ya Greenwich. Ilikuwa saa mbili na dakika 45. Ongeza hizo kwenye 0645, na utaanguka pale pale kwa mzee. Mfano huu nimeutunga ili hesabu ionekane wazi, ila zile dakika kumi na tano zimenifanya mara mbili niwaombe radhi wazee ambao nilikuwa nimewaandika kuwa wamesahau.

Kuhusu kuhoji, una jambo ambalo chuo hakitoi, lile sikio lako. Uliandika kwamba unaijua ndege kwa mlio. Wazee nao wanaijua. Nilipogundua hilo niliacha kuonyesha picha kwanza. Mwambie bibi au babu akuigizie mlio. Dragon Rapide ilikuwa na injini mbili ndogo zenye silinda zilizopangwa mstari mmoja, mlio wake mwembamba, wa cherehani iliyokanyagwa kwa haraka. DC-3 ina injini mbili za duara, mlio mzito wenye mtetemo, unausikia kifuani kabla ya masikioni. Watu wasiojua jina la ndege yoyote wamekaa barazani wakaniigizia hizo mbili bila kukosea, kisha wakaongeza: "ile ya mwanzo ilikuwa na mabawa ya ghorofa." Naam, Rapide ina mabawa mawili kila upande, la juu na la chini. Mabawa ya ghorofa! Nimesoma maelezo mengi ya ndege ile, na hakuna lililonionyesha ndege upesi kama hilo.

Usiende na simu imeshawashwa. Nenda mara ya kwanza kusalimia tu, na ukikaribishwa kahawa kaa uinywe. Mara ya pili omba ruhusa ya kurekodi. Picha za watu usiziondoe nyumbani kwao, hata wakikusihi uzichukue. Zipige pale pale kwenye kivuli cha ukumbi, mwenyewe akikuona, umrudishie mkononi. Na rekodi zako ziweke mahali pawili, kimoja kikae mbali na bahari. Chumvi yetu inakula diski kama inavyokula misumari. Mimi nilipoteza sauti za wazee kumi na mmoja kwa sababu ya sanduku moja lililokaa karibu na dirisha.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ambayo watu hawaisemi: ajali. Nusu ya wapenzi wa historia ya ndege wanapenda ajali, na tarehe, na vipande vya bati. Sikukatazi kuziandika. Lakini kama aliyekufa ana mtoto aliye hai, mtoto huyo asikutane na habari ya babake katika makala yako. Mtafute kwanza. Nimewahi kuacha makala iliyokamilika kwenye droo kwa sababu mjane alisema, "Ngoja nifuate mume wangu, kisha andika." Bado nangoja, na namwombea umri mrefu.

Suala la Kiingereza. Kisome kwa kamusi, polepole. Lugha ya mafaili ni ile ile inayojirudia, baada ya faili la thelathini utakuwa huihitaji kamusi. Kuandika, andika Kiswahili. Utaambiwa hakina maneno ya ndege. Wanaosema hivyo hawakijui. Rubani alikuwa mtu wa bahari, yule anayejua mikondo na kuingiza chombo bandarini, karne nyingi kabla Ulaya haijarusha kitu. Ndege wenyewe, kabla ya kuwa chombo, alikuwa ishara: mtu alitoka safarini akaangalia ndege njema au ndege mbaya. Mwulize mzee kama hilo halikuwajia kichwani siku chombo cha kwanza kilipopita juu ya minazi. Pitia pia magazeti ya Kiswahili ya zamani, Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam 1923, na Baraza la Nairobi lililoanza 1939. Humo utawakuta watu wetu wakitafuta maneno ya mashine mpya mbele ya macho yako. Pale ambapo neno halipo, tohoa na uendelee. Injini ilitoholewa na hakuna aliyekufa.

Ukiingia duka lolote la vitabu utakuta rafu ya ndege za Kenya imejaa watu wale wale. Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways Nairobi 1929. Tom Campbell Black, rubani wake. Denys Finch Hatton aliyeanguka Voi Mei 1931. Beryl Markham aliyevuka Atlantiki Septemba 1936 kwa ndege ya usajili wa Kenya, VP-KCC. Siwachukii, Bi Wilson hasa namheshimu, maana kuendesha kampuni ya ndege miaka ile kulitaka moyo wa nahodha. Lakini wameandikwa mpaka wamechakaa, na ukiongeza kitabu cha kumi na moja juu ya mapenzi yao utakuwa unafua kanzu iliyokwisha fuliwa. Angalia wanaokosekana. Vita vya kwanza, Waingereza walipokuwa wakiitafuta meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, walimkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, akaruka na ndege ya majini kutoka kisiwa cha Niororo karibu na Mafia, Novemba 1914. Mwaka uliofuata ndege za nchi kavu ziliruka kutoka Mafia yenyewe kuelekeza mizinga, mpaka Königsberg ikamalizwa Julai 1915. Jina la rubani utalipata. Majina ya meli utayapata. Waliofyeka msitu ili uwanja upatikane, ukiwakuta wametajwa, wameitwa "wenyeji" basi. Sisi wengine tuna babu ndani ya neno hilo.

Kama unataka somo ambalo halijachakaa, panda matatu ya Ngomeni. Kule kwenye ghuba ya Ungwana Waitalia waliweka majukwaa yao baharini, San Marco na Santa Rita, wakarusha satelaiti kwa roketi za Scout kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wetu, iliruka satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza ya aina yake duniani, na kwa sababu ya siku hiyo na nchi hii ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wazee wa jarida watakwambia roketi si ndege. Waache. Karatasi zake ziko Italia kwa Kitaliano, na mji wetu wa Malindi una watu wanaosema Kitaliano kuliko Kiingereza, kuanzia wauza vinyago hadi wapishi. Wavuvi walioziona zikipaa wapo. Nimewaendea mara nne, nikazeekea njiani. Kazi ile ni ya kijana.

Ila hiyo si kazi yako ya kwanza. Ya kwanza ni Manda. Usiandike "historia ya usafiri wa anga Lamu", ni jina la kukutisha tu. Andika habari ya kiwanja kimoja. Nani aliuza au alitoa ile ardhi, nani aliyeikata miti, nani aliyejenga lile banda la makuti la abiria tunalolikumbuka sote. Kabla ya mashine za boti abiria walivushwa kwa chombo gani, kwa shilingi ngapi, na maji yakitoka ilikuwaje. Nani alikuwa akifukuza mifugo kwenye njia kabla ndege haijashuka. Watu hao unawajua kwa majina, wengine ni wajomba zako. Mimi nikija Manda naonekana mgeni wa Malindi, nauziwa safari.

Fanya hivi. Nunua daftari la kurasa mia mbili, lile la jalada gumu. Kila mtu ukurasa wake: jina, mtaa, umri wa kukisia, alikuwa akifanya nini, aliona nini kwa macho na aliambiwa nini na wengine, haya mawili yatenganishe kwa mstari. Andika siku uliyozungumza naye na nani mwingine alikuwepo, maana mzee hazungumzi sawa mbele ya mkwewe. Usianze kuandika makala kabla hujafikisha watu ishirini. Ukifika kumi utahisi uko tayari, hujawa. Mimi nitakuwa Lamu wiki ya Maulidi, nafikia Mkomani kwa dada yangu, na chakula cha jioni kitakuwepo. Njoo na daftari lenyewe, si picha zake kwenye simu, kwa sababu nataka kuona ulipofuta.

Na yule mzee wa mashua anayekaa chini ya mkungu karibu na gati, aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Mwaka jana aliniambia neno juu ya pipa za mafuta na ndege iliyolala usiku kucha Manda kwa sababu ya mvua. Boti yangu ilikuwa inaondoka, sikumsikiliza. Muanze yeye, na uende kesho baada ya ndege ya asubuhi.